Mmea wa Ukuta Mweusi

Mji wa Goma umekaa kati ya ziwa Kivu na mlima wa moto Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ule ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka kwa moto yalishuka kama mto, yakapita katikati ya mji, yakafika mpaka ziwani. Shamba dogo la mama lilifunikwa lote. Mawe yalipopoa, watu waliyavunja kwa nyundo, wakajengea nyumba na kuta. Ukuta wa ua wetu ni wa mawe hayo. Kimo chake ni meta mbili, rangi yake nyeusi kama makaa, na mama hakuupenda hata siku moja.

Kati ya nyumba na ukuta pana nafasi nyembamba, hatua mbili tu. Ni mahali pa kivuli na ubaridi. Mama akaniambia, “Mwanangu, nitafutie mmea wa kutambaa, uufunike ukuta huu. Lakini uwe mmea wa kuliwa. Mimi siteki maji ziwani kwa ajili ya mapambo.”

Neno lake lilikuwa zito. Kwetu udongo ni mali, maana chini ya ua ni jiwe tupu. Ukitaka kupanda, huna budi kununua udongo kwa magunia na kuuleta kwa chukudu. Fedha yetu ilitosha magunia matatu. Na maji ya kumwagilia yalikuwa bidoni moja ya lita 20 kwa siku. Basi tungeweza kuchimbua shimo moja na kupanda mmea mmoja, wala si zaidi.

Kwanza nilipima kivuli. Kila mwezi, siku isiyo na mawingu, nilitia alama za chaki ukutani saa tatu, saa sita na saa tisa, nione jua limefika wapi. Mama alicheka, “Mwanangu, unapanda chaki?” Lakini chaki ile ilinifundisha. Goma iko kusini ya ikweta, karibu nayo sana, na kwa hiyo jua la saa sita halikai upande mmoja mwaka mzima. Tangu katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwishoni mwa mwezi wa tisa hupita upande wa kaskazini. Miezi mingine hupita upande wa kusini. Ukuta wetu uko kusini ya nyumba. Mwezi wa sita nyumba huutia kivuli. Mwezi wa kumi na mbili ukuta wenyewe hutia kivuli miguuni pake. Ni siku chache tu ambapo jua husimama utosini, na nuru yake ikafika mpaka chini. Lakini kule juu, karibu na ukingo, jua la saa sita lilifika miezi yote.

Basi mmea wetu ungekuwa na miguu kivulini na kichwa juani. Fikirini, watoto: je, mnajua mmea upi utakaokubali kutembea gizani meta mbili kabla ya kuona jua?

Dada yangu mdogo alitaka bogenvilia. “Yaya,” aliniambia (huku Kivu ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), “maua yake yatameremeta juu ya mawe meusi.” Ni kweli yangemeremeta, na kile tunachokiita ua lake ni majani tu yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni dogo jeupe katikati. Lakini bogenvilia hupenda jua kali. Kivulini hutoa matawi marefu yenye miiba, na rangi kidogo. Tena, nani amekula bogenvilia?

Kuna mtini mdogo wa ukutani, uliotoka Asia ya Mashariki. Huo hauogopi kivuli, nao hushika jiwe kwa vijizizi vyake bila kuhitaji fito. Ungalikuwa wa kwanza kama mama angalitaka kutazama tu. Marakuja hutaka jua ili yazae vizuri. Maharagwe ya kupanda juu ya fito ndiyo mazuri sana mashambani kwetu, lakini mbegu yake ni ndogo. Akiba iliyomo huisha upesi, na chipukizi lisipopata jua hudhoofika. Nderema ilikaribia kushinda, kwa sababu huvumilia kivuli kiasi na majani yake ni mboga laini. Lakini hupenda maji tele, nasi tulikuwa na bidoni moja.

Nikachagua shushu. Mnalijua tunda lake: la kijani, lina umbo la avoka, lina mikunjo. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani zake. Shushu haipandwi kwa mbegu kavu. Huchukua tunda zima lililokwisha kuchipua, ukalilaza udongoni nusu yake. Ndani mna mbegu moja tu, kubwa, na chipukizi hula tunda hilo linapokua. Ni kama msafiri aliyefungiwa chakula cha njiani. Niliona kwamba chakula kile kingemfikisha mbali kuliko haragwe.

Nilisimamisha nguzo za mikaratusi na kufunga fito, maana matunda ya shushu ni mazito. Chipukizi lilianza kupanda. Lilitoa vikono vyembamba kama uzi, na kila kikono kilipogusa ufito kilijisokota na kuushika. Chini, majani yalikuwa machache na madogo. Kichwa kilipovuka ukingo wa ukuta, majani yakapanuka kama viganja.

Mama alichuma ncha changa kwanza, akazipika pamoja na maharagwe. Matunda yalikuja baadaye. Mengine yalivuka, yakaning'inia upande wa pili wa ukuta. Nilitaka kuleta ngazi, lakini mama alinizuia, akasema hayo ni ya jirani. Tangu siku ile jirani humwaga maji yake ya kuoshea mboga chini ya ukuta, upande wake.