Mashine Hii Haitasema?



Mama mmoja aliyetoka upande wa Kabambare aliketi mbele yetu hapa Kasongo wakati wa mvua, akaanza kusimulia yaliyompata njiani yeye na binti yake. Sisi tu walei watano tuliokabidhiwa kazi ya kuwasikiliza waliokimbia makwao na kuandika maelezo yao ili watafutiwe msaada. Mezani palikuwa na kompyuta moja. Kabla hajafika kwenye jambo zito kuliko yote, mama alinyamaza, akaitazama, kisha akauliza: “Wanangu, mashine hii haitasema?” Tulimjibu papo hapo kwamba haitasema, naye akaendelea.

Jioni ile, tulipobaki peke yetu, tulikiri kwamba tulikuwa tumemhakikishia jambo tusilolijua.

Watu wa Kabambare wana sababu ya kuuliza swali hilo. Katika nchi ya dhahabu, kule Salamabila na Namoya, ambako watu wenye silaha wamepita na kurudi kwa miaka mingi, neno lililosemwa kwa siri laweza kumfuata msemaji hadi mlangoni pake. Nasi tulikuwa tukiyapeleka maneno ya namna hiyo kwa njia ya intaneti, bila kujiuliza yanapita mikononi mwa nani.

Wahenga walisema: siri ya mtungi muulize kata. Kivinjari, yaani programu tunayofungulia kurasa za intaneti, ndicho kata ya mtungi wetu. Kila tunachokisoma na kila tunachokiandika kwenye kurasa hizo hupita ndani yake. Kompyuta yetu ilitufikia ikiwa imekwisha kutumika, na programu zake ziliwekwa na mikono tusiyoijua. Mdogo wetu aliyesomea kazi hiyo alipoikagua, alikuta ndani ya kivinjari kiongezo kidogo ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiweka, nacho kilikuwa na ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofunguliwa. Tulikiondoa. Lakini maelezo ya watu 7 yalikuwa yamekwisha kupita hapo. Hatujui kama kuna aliyeyasoma. Hatujui kama kuna aliyeumizwa. Mzigo huo tunao hadi leo.

Ndipo tulipoamua kutafuta kivinjari kinachoheshimu faragha, na kukijenga wenyewe kutoka kwenye msimbo wake wa asili. Tulichagua LibreWolf, kinachotokana na Firefox ya shirika la Mozilla. Wanaokitengeneza hujitolea, huondoa sehemu zinazotuma taarifa za matumizi ya mtu, na huweka msimbo wote wazi ili yeyote ausome. Msimbo huo ni maandishi yaliyoandikwa na wanadamu, mamilioni ya mistari. Kompaila ni programu inayoyageuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine. Anayetumia kivinjari kilicho tayari hupokea chakula kilichokwisha kupikwa. Anayeujenga msimbo hupika mwenyewe, akiviona viungo vyote.

Mtandao wetu haukuweza kubeba mzigo mkubwa hivyo. Ndugu yetu aliyeko Bukavu alipakua msimbo pamoja na zana zake, akavitia kwenye flashi, akampa msafiri aliyekuja kupitia Kindu. Kila faili huwa na alama yake, mithili ya alama ya kidole: safu ya herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutoka ndani ya faili lenyewe. Ikibadilika herufi moja tu ya msimbo, alama yote hubadilika. Alama hiyo hatukutaka ije katika flashi ileile, maana aliyeweza kuuchezea msimbo angeweza kuichezea nayo. Kwa hiyo ndugu yetu aliichukua kwa wenye programu, akatusomea kwa simu, herufi kwa herufi. Simu ilikatika mara tatu. Tulipolinganisha, hazikufanana.

Huenda faili liliharibika wakati wa kupakuliwa, huenda flashi ilipata maji njiani. Tulishawishika kulitumia hivyohivyo, kwa kuwa tulikuwa tumesubiri sana. Hatimaye tulilifuta, tukangoja msafiri mwingine kwa siku 12. Safari ya pili alama zote 64 zililingana.

Mwongozo wa kujenga Firefox hutaka kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 walau, na ni afadhali iwe na GB 8 au zaidi, pamoja na nafasi ya GB 30 katika diski. Tuliazima mashine yenye GB 8, tukaiunganisha na betri za paneli za jua. Usiku wa kwanza betri ziliisha. Siku ya pili kazi ilikwama karibu na mwisho, vipande vilipokuwa vikiunganishwa, kwa sababu kumbukumbu haikutosha. Siku ya tatu, alasiri, kivinjari kilifunguka. Tulishangilia kama watoto.

Mdogo wetu hakushangilia sana. Alitueleza kwamba mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa mfumo wa Unix, alionyesha jinsi kompaila yenyewe inavyoweza kufundishwa kutia hila katika programu, na hila hiyo isionekane popote katika msimbo. Basi hata aliyejipikia hajui kila kitu kuhusu sufuria yake. Dawa iliyopatikana haimtegemei mtu mmoja. Wajenzi wa Tor Browser, tangu mwaka 2013, hupanga kazi yao ili watu mbalimbali, kila mmoja kwa mashine yake, waujenge msimbo uleule na kupata matokeo yaleyale kabisa. Wakitofautiana, hutafuta sababu. Maandiko nayo hayakubali neno kubwa lisimame kwa shahidi mmoja.

Alituambia pia kwamba Firefox hutolewa upya kila baada ya wiki 4 hivi, na matundu ya usalama huzibwa. Anayejijengea mara moja kisha akalala, hubaki na ukuta wenye nyufa. Kwa nguvu zetu hatuwezi kujenga kila mwezi. Sasa tunachukua LibreWolf kilichokwisha kujengwa, lakini hatukifungui kabla ya kuhakiki alama yake. Kazi ya siku zile tatu haikupotea: ilitufundisha kutosema “ni salama” kabla ya kuhakiki.

Mama yule aliporudi, tulimwomba radhi. Tulimweleza kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa la haraka, tukamwambia tumehakiki nini na nini hatuwezi kukihakiki. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza: “Usiku mashine hii inalala kwa nani?” Ilikuwa ikilala sebuleni kwa mmoja wetu, nyumba yenye wageni wengi na isiyo na kufuli la maana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Kesho yake tulinunua sanduku la chuma, na jina la mama tukaliondoa katika maelezo yake, kama alivyotaka.

Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza kuharibu sifa njema ya mtu na kuvunja haki yake ya kulinda faragha yake. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, inalinda usiri wa mawasiliano. Hata hivyo, hapa kwetu sheria hizo hulindwa na mtu ashikaye daftari. Kila shirika letu lina orodha: wagonjwa, wajane, waliopewa msaada, wenye ndoa zenye matatizo. Tunawaomba, ndugu, katika mkutano wenu ujao mjiulize: orodha zetu ziko wapi, nani anazisoma, nazo usiku zinalala kwa nani?

Mungu ajuaye yaliyofichika atujalie kuyatunza tuliyoaminiwa. Amina.