Kutoka Bumala Hadi Kampala kwa Pikipiki: Safari ya Kutafuta Pistoni

Mtu atokaye Kisumu kwa barabara ya Busia huujua mpaka kabla ya kuuona. Malori husimama mstari mrefu kando ya njia, mengine yana saruji, mengine mafuta, na madereva wamelala chini ya matela yao au wanachemsha chai kwa jiko dogo. Mwenye pikipiki hupita pembeni mwa mstari huo kwa dakika chache tu, na madereva wale humtazama kama mtu aliyeitwa mbele ya foleni bila sababu.

Ndivyo alivyopita fundi mmoja wa Bumala, alfajiri ya Alhamisi, amepanda Bajaj Boxer yake, na nyuma kwenye keria amefunga mfuko mtupu. Mfuko huo mtupu ndio uliokuwa sababu ya safari yote.

Katika banda lake ilikuwako Honda CG125 ya mwalimu mmoja mstaafu, nayo ilikuwa imesimama miezi minane. Pikipiki za aina hiyo zilianza kuuzwa katika miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda waliikusudia kwa nchi ambazo barabara zake ni mbovu na mwenye chombo hakumbuki kubadilisha oili mpaka injini ilie. Kwa ajili hiyo valvu zake husukumwa na fimbo, wala hazina cheni ya kulegea na kukatika. Chombo kile kilikuwa kimemchukua mwalimu na maziwa yake hadi chama cha ushirika kila asubuhi kwa miaka mingi, mpaka pistoni ilipokwaruza silinda na moshi wa buluu ukajaa njia nzima.

Msomaji atauliza: je, pistoni ya pikipiki haipatikani Kenya? Hupatikana, tena kwa wingi, na hapo ndipo penye taabu. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo nchi ilijaa pikipiki kutoka India na China. Nyingi za China zina injini iliyoigwa kutoka kwa ile ile ya CG, basi ukiitazama kwa mbali utasema ni ndugu mapacha. Lakini wajukuu hao wamenenepa. Pistoni ya Honda yenyewe ina upana wa milimita 56.5, na ile ya injini za 150 zilizoigwa ina milimita 62. Mara mbili mwalimu alitoa fedha, na mara mbili fundi akaletewa pistoni katika kisanduku chenye picha nzuri, akaipima, akairudisha kisandukuni bila kusema neno. Muuzaji mmoja alikubali kuipokea tena. Wa pili alikataa.

Fedha za mara ya tatu mwalimu alizipata kwa kuuza mtamba. Fundi alilijua jambo hilo, na alijua pia kwamba mzee yule ndiye aliyemfundisha hesabu za sehemu katika darasa la tano. Akasikia kwa dereva wa lori kwamba katika soko la Kisekka, mjini Kampala, bado kuna watu wenye vipuri vya Honda za zamani. Hakutaka kutuma mtu.

Busia ni mji mmoja wenye jina moja katika nchi mbili. Wasamia wako upande huu na upande ule, na Wateso kadhalika, na mtu huvuka kwenda kumzika shangazi yake kama vile avukavyo kijito. Wazee wao hawakuhamia mpaka, bali mpaka ndio uliowahamia. Hata mwaka 1902 nchi ya Uganda ilifika mashariki mpaka Naivasha. Mwaka huo jimbo lake la mashariki lilikatwa na kutiwa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, pasipo kuulizwa wale waliokuwa wakilima humo. Mwezi wa Februari 1976 Idi Amin alilikumbusha jambo hilo kwa sauti kubwa akidai nchi ile irudi, na kwa siku kadhaa watu wa Busia hawakulala vizuri. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika.

Ni hapa pia ambapo neno boda boda lilizaliwa. Ofisi za nchi hizi mbili zilikuwa mbali kidogo, na baina yao mtu alipaswa kutembea na mzigo wake juani. Vijana wenye baiskeli walitia mto juu ya keria, wakasimama na kuita kwa neno la Kiingereza la mpaka: boda, boda! Baba yake fundi huyu alikuwa miongoni mwao. Siku hizi neno hilo husemwa hata katika miji isiyo na mpaka wowote, na wanaolisema hawajui lilikotoka.

Kazi ya ofisini nayo imebadilika. Mnamo Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walifungua kituo cha pamoja cha Busia. Aendaye Uganda hasimami tena upande wa Kenya kwa mihuri, bali huvuka hadi jengo la upande wa pili, na humo maofisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja: wa Kenya hukutoa, wa Uganda hukupokea. Arudipo, mambo huwa vivyo hivyo katika jengo la Kenya. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huweza kuvuka kwa kitambulisho tu, na fundi alipitisha mwili wake kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Pikipiki ilitaka zaidi. Hapana budi kuwa na kitabu cha chombo kwa jina lako, au barua ya mwenyewe ikiwa si chako. Hapana budi kuwa na leseni, na bima ya nchi za COMESA iitwayo kadi ya njano. (Kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia ni ya njano, na wapo waliofika dirishani na moja wakiamini ni nyingine.) Baada ya hayo Uganda hutoa kibali cha muda, maana yake chombo kimeingia na ni lazima kitoke. Fundi alikikunja kibali chake, akakitia katika mfuko wa plastiki pamoja na fedha za mtamba, akavaa koti juu yake.

Kutoka Busia barabara hupenya msitu wa Busitema, kisha Bugiri, kisha Iganga, na nchi ni tambarare yenye mihogo na mpunga mabondeni. Jinja mtu huvuka Nile. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa miaka zaidi ya sitini magari yote ya kwenda Kampala yalipita juu yake. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja jipya lililoning'inizwa kwa kamba za chuma, urefu wake mita 525, na mgeni hulipunguzia mwendo hata kama hana haraka ya kupiga picha.

Baada ya mashamba ya miwa huja Mabira, na hapo mwenye pikipiki hufunga vifungo vyote vya koti. Miti mikubwa huinamia njia, na lami huwa na unyevu hata jua likiwaka kwingine. Mvua ilimkuta fundi katikati ya msitu. Kila lori lililompita lilimwagia ukuta wa maji na matope, na kwa dakika nzima hakuona mbele ila taa mbili nyekundu. Aliendelea kwa sababu kusimama gizani kando ya barabara ile ni hatari kuliko kwenda. Alipofika Namawojolo, ambapo wauzaji hukimbilia magari wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, alikula paja moja na ndizi za gonja akiwa amesimama, kwa maana suruali yake isingeweza kuketi popote.

Kisekka si soko la kuingia na fikira nyingine kichwani. Kuna milango ya magari, kuna vioo, kuna injini nzima zimefungwa kamba kama mbuzi, na vijana humshika mgeni mkono kila mmoja akisema duka lake ndilo analolitafuta. Fundi alikuwa amechukua pistoni ya zamani ndani ya soksi. Hakutaja jina la pikipiki. Aliitoa tu na kuionyesha, na kwa njia hiyo aliwapoteza waongo wengi kwa muda mfupi. Mtu wa saba hakusema neno. Aliingia nyuma, akakaa sana, akatoka na silinda na pistoni yake, mpya, zimefungwa katika karatasi yenye mafuta.

“Hii ni ya Japani yenyewe, ssebo,” alisema. “Imekaa hapa tangu wakati wa baba yangu.”

Fundi aliipima mara tatu, akaingiza ringi ndani ya silinda na kuitazama dhidi ya mwanga. Kisha wakabishana bei, na hilo lilichukua karibu saa nzima. Alinunua pia pleti za klachi za Boxer seti sita, kwa ajili ya banda. Alipoomba risiti, mwenye duka alicheka.

“Risiti ya nini? Unaenda kuifungia kwenye fremu?”

“Niandikie, ndugu yangu. Jina la kila kitu, na bei yake.”

Akaandikiwa. Usiku alilala kwa binamu yake Katwe, silinda ikiwa chini ya mto.

Siku ya pili, Ijumaa, alifika Busia ya Uganda jua likikaribia kutua. Kijana mmoja akamkaribia kabla hajazima injini.

“Fundi, umebeba spea. Pita na mimi huku nyuma. Dakika kumi uko nyumbani.”

Njia za panya ziko nyingi, na wapitao huko si wezi wote. Wengine ni kina mama wenye kikapu cha nyanya waliozoea tangu utoto. Fundi alikuwa amechoka, fedha zilizobaki zilikuwa chache, na hakujua ofisi ingedai kiasi gani. Ikiwa ingedai kuliko alichokuwa nacho, silinda ingebaki pale. Lakini kibali kilikuwa mfukoni. Pikipiki ikipita nyuma ya nyumba za watu, katika vitabu vya Uganda itahesabiwa kuwa bado iko Uganda, na siku atakayotaka kuingia tena ataulizwa aliifichaje. Tena sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huruhusu kukamata mali ya magendo pamoja na chombo kilichoichukua. Boxer ile ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wake. Akamshukuru kijana yule, akaelekea upande wa Kenya kwa njia kubwa.

Mbele yake alisimama mama mwenye trei za mayai kutoka Uganda. Bidhaa zizaliwazo katika nchi za Jumuiya hazilipi ushuru wa forodha baina yao, na mfanyabiashara mdogo mwenye mali isiyozidi dola 2,000 hupewa pale pale mpakani hati fupi ya kuthibitisha asili yake. Mama alionyesha hati, akagongewa muhuri, akaenda.

“Na wewe, mzigo wako?” afisa aliuliza.

“Ni spea za pikipiki, madam.”

“Zimetengenezwa wapi?”

“Nimezinunua Kampala.”

“Sikuuliza umezinunua wapi. Nimeuliza zimetengenezwa wapi.”

Fundi akanyamaza kidogo. “Silinda ni ya Japani. Pleti ni za India.”

Basi ilikuwa hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa amepita kwa kitambulisho bila kuulizwa zaidi ya jina, na mayai ya Uganda yalikuwa yamepita. Lakini kipande cha chuma kilicholala Kampala miaka mingi kilikuwa bado mgeni, na kila mpaka kinaouvuka huulizwa kilizaliwa wapi. Fundi alijaribu kusema kwamba ushuru bila shaka ulikwisha kulipwa kilipoingia Uganda. Afisa alisikiliza kwa adabu, akasema hiyo ni habari ya Uganda. Vitu vya matumizi ya mtu binafsi vina msamaha wake, lakini pleti seti sita hakuna mtu azivaaye.

Alisoma risiti mstari kwa mstari. Alifungua karatasi yenye mafuta, akatazama, akaifunga tena vizuri kuliko ilivyokuwa. Akapiga hesabu kwa bei zilizoandikwa, akageuza shilingi za Uganda kuwa za Kenya, akampa karatasi ya kulipia. Fundi aliitazama tarakimu ya mwisho kwa muda mrefu. Ilikuwa kubwa kuliko alivyotamani na ndogo kuliko alivyoogopa. Alilipa kwa simu, na salio likawa la petroli tu, tena si ya kujaza tangi. Dirisha lililofuata likakifunga kibali cha pikipiki.

Jumamosi hakufungua banda kwa wateja wengine. Alisafisha uso wa injini kwa wembe, akatia gasketi, akapaka pistoni oili kwa kidole, akaishusha silinda taratibu akibana ringi moja moja kwa kucha. Pikipiki iliwaka kwa teke la nne, na moshi uliotoka ulikuwa mchache na mweupe, ukaisha.

Mwalimu alikuja jioni kwa miguu. Fundi alimwambia kilomita 500 za kwanza asiikimbize, wala asipande nayo mlima na mitungi miwili ya maziwa. Mmoja wa kutosha. Akampa risiti zote mbili, ya Kisekka na ya forodha. Mzee alivaa miwani, akazijumlisha kimya kimya, akaona pamebaki upungufu wa shilingi mia tatu na sabini ambazo fundi alikuwa amezitoa mfukoni mwake asiseme. Akazihesabu pale pale juu ya benchi, kisha akapanda akaenda zake kwa gia ya pili.