Chupa ngapi katika bidoni? Kugawanya kwa fraksio



Katika kilasi tunajifunza sheria ya kugawanya kwa fraksio: geuza ile ya pili, kiisha zidisha. Tunaijua kwa moyo kama wimbo. Lakini mtu akituuliza, "Sababu gani mnageuza?", wengi tunanyamaza. Basi tutafute jibu katika soko la Kadutu, pale mama zetu wanauzisha mafuta ya mawese.

Tuseme mama iko na bidoni ya lita 20. Akipima kwa chupa ya nusu lita, atajaza chupa ngapi? Lita moja inajaza mbili, basi lita 20 zinajaza 40. Ndiyo kusema 20 ÷ 1/2 = 40. Wengine wanashangaa: tumegawanya, na hesabu imepanda! Lakini hatukukata mafuta katikati. Tuliuliza tu nusu lita inaingia mara ngapi. Kipimo kikiwa kidogo, kinaingia mara nyingi.

Sasa tushike chupa kubwa ya Primus. (Bia hapana, lakini chupa yake kila nyumba inaijua.) Inabeba sentilita 72, ni 18/25 ya lita. Tukate kila lita vipande 25: lita 20 zinatoa 20 × 25, vipande 500. Chupa moja inameza vipande 18, basi 500 ÷ 18. Muangalie vizuri: tumezidisha kwa 25, tukagawanya kwa 18. Ile ni 25/18, fraksio yetu imegeuzwa! Siyo uchawi wa mwalimu.

Jibu ni chupa 27, na vipande 14 vinabaki. Hapa ndipo mtego. 14 juu ya 18 ni 7/9, lakini 7/9 ya nini? Ya chupa, siyo ya lita. Kwa lita, mabaki ni 14/25, ao sentilita 56. Mwenye kusema "7/9 ya lita" anahesabu karibu sentilita 78. Kama zingekuwa pale, chupa ya 28 ingejaa! Basi mnunuzi akitaka yale mabaki, alipe 7/9 ya bei ya chupa. Akilipa nusu ya bei, mama anapoteza. Akilipa bei yote, mnunuzi ameibiwa.

Ndugu, minervali ya wengi wetu inatoka katika bidoni kama ile, na Mithali 11 inaanza na habari ya mizani. Tunapashwa kujua hesabu hii kwa akili, siyo kwa wimbo tu.

Zoezi: bidoni ya lita 5, chupa ni ileile. Zinajaa ngapi? Mabaki ni sehemu gani ya chupa, na sentilita ngapi? Tulinganishe majibu wakati wa mapumziko.