Funga Ukimkumbuka Atakayefungua

Mwaka 1984 nilikuwa Christchurch, New Zealand. Nilikwenda kwa nafasi za masomo ambazo serikali ya huko iliwapa vijana wa Kiafrika kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Chuo kilipofunga nilipelekwa kujifunza kwa vitendo katika karakana ya boti, chini ya fundi aliyekaribia kustaafu. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi yao. Mimi sikuweza kumwita hivyo mtu wa umri wa baba yangu. Nikamwita Mzee, nikamweleza maana yake, naye akaipokea heshima hiyo kwa furaha.

Kazi yetu kubwa ilikuwa boti za jeti, na nchi ile ndiko zilikozaliwa. Bill Hamilton, mfugaji na mhandisi wa shamba la Irishman Creek, aliziunda mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu mito ya upande ule hujigawa vijito vingi juu ya kokoto, na mahali pengi maji hayafiki magotini. Rafadha ya kawaida ingevunjika mara moja. Hamilton aliweka pampu ndani ya boti: maji huvutwa kupitia wavu ulio chini, impela huyasukuma, nayo hutoka nyuma kwa kasi kupitia mdomo mwembamba. Alipouhamisha mdomo huo juu kidogo ya usawa wa maji, boti zikaanza kukimbia kweli. Mwaka 1960 boti za aina hiyo zilipanda mto Colorado, Marekani, kupitia Grand Canyon, zikipingana na mkondo kwa mara ya kwanza katika historia ya mto ule.

Boti ninayoikumbuka kuliko zote ililetwa kutoka upande wa Kaiapoi, karibu na mlango wa mto Waimakariri. Watu huenda pale kuvua samoni, na maji ya bahari huingia mtoni. Ilikuwa imelala bandani kwa miaka. Impela ilikuwa haizunguki, beringi ya nyuma imekufa, na ili kuzifikia ilibidi tuvue sehemu ya nyuma ya pampu. Sehemu hiyo ni ya alumini, imefungwa kwa bolti za stenlesi kuzunguka ukingo. Karakana nyingine ilishajaribu. Walitumia tindo na nyundo, wakaumega ukingo na kukata bolti mbili, kisha wakamwambia mwenye boti anunue pampu mpya.

Mzee hakushika spana. Alivuta kigoda, akakaa, akauangalia ukingo ule kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza: kinachoshika hapa ni nini? Nikajibu, kutu. Akatikisa kichwa, akakwangua kwa ncha ya kisu kando ya bolti moja, akanionyesha unga mweupe.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo darasani nililipita haraka. Metali mbili zisizofanana zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri. Umeme mdogo hupita kati yake, na ile iliyo dhaifu huliwa. Hapa iliyoliwa ni alumini. Ule unga ni mabaki yake, na mabaki hayo hutaka nafasi kubwa kuliko alumini iliyoyazaa. Tundu la bolti haliwezi kutanuka, kwa hiyo unga hujibana kwenye nyuzi za bolti hadi ukawa mgumu. Ukiizungusha kwa nguvu, nyuzi hazitakuachia. Utaikata shingo ya bolti tu, na shida itakuwa imehamia ndani.

Tulianza kwa mafuta ya kupenya, tukagonga kichwa cha kila bolti kwa nyundo ndogo, taratibu, si kwa kuivunja bali kwa kuutikisa ule unga ili mafuta yapate njia. Tukaiacha mpaka kesho yake. Tukarudia. Kisha ukaja moto. Alumini ikipashwa hutanuka kuliko stenlesi, hivyo tundu hupanuka zaidi ya bolti iliyomo. Lakini alumini ina hatari yake: haibadiliki rangi. Chuma hugeuka chekundu kikakuonya. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi ikiwa bado ina sura ileile ya kijivu. Mzee alikuwa na kipimo cha zamani. Alidondosha tone la maji. Likichemka na kuruka, moto umetosha. Tena alipaka mstari wa sabuni ya mche kando ya tundu. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, umepitiliza, zima gesi. Na palipokuwa na sili ya mpira karibu hakuruhusu moto kabisa, kwani sili za aina fulani zikiungua hutoa sumu kali. Hapo alitumia vitambaa vilivyochovywa kwenye maji ya moto.

Spana ilipoingia, alinitaka nikaze kwanza, kidogo sana, kabla ya kulegeza. Nikasikia mlio mkavu, mfupi. Robo mzunguko kulegeza, nusu ya hiyo kurudi, mafuta, tena. Bolti ya kwanza ilitoka ikiwa na ganda jeupe mwili mzima. Nyingine zikafuata kwa mwendo huohuo.

Zile mbili zilizokatwa alizichomelea nati juu ya vigutu vyake. Joto la kuchomelea hushuka ndani ya kigutu chenyewe, kikatanuka na kuuponda ule unga. Kikipoa, husinyaa na kuacha mwanya. Tulingoja mpaka mkono uweze kuigusa nati, ndipo spana ikawekwa. Zote mbili zilitoka nzima.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe bolti zimeisha na pampu bado haijaachia. Aliyeifunga mara ya mwisho alikuwa amemimina silikoni kila mahali, kwenye kiungo kilichohitaji gasketi nyembamba tu. Pale ndipo watu wa tindo walipoharibu. Mzee alichukua waya mwembamba, akaufunga vipande vya mti kwenye ncha zake, na sisi wawili tukaupenyeza kwenye kiungo tukivuta huku na huku, tukazunguka ukingo wote polepole. Sehemu ya nyuma ikajitenga bila mkwaruzo mpya hata mmoja. Impela nayo ikavutwa kwa pula, skrubu ikikazwa kidogo kidogo, maana kuigonga ncha ya shafti kungehamishia kila pigo kwenye beringi ya mbele.

Wakati wa kufunga upya ndipo Mzee alipokuwa mkali. Kila bolti ilipakwa grisi nzito ya kuzuia metali zisigusane, nyuzi zote hadi chini ya kichwa. Grisi yenye shaba aliipiga marufuku, kwa sababu shaba huila alumini haraka zaidi kwenye chumvi. Akabadilisha vipande vya zinki vilivyofungwa ili viliwe badala ya pampu, akanikanya nisivipake rangi kamwe, maana zinki iliyopakwa rangi haifanyi kazi. Aliniambia kwamba bolti zile zilipoteza wiki za watu kwa sababu kuna mtu aliokoa dakika moja ya kupaka grisi.

Nilirudi Tanga, nikafanya kazi kwenye mashine za boti za wavuvi mpaka nywele zikawa nyeupe. Boti za jeti sikuziona tena, lakini alumini na chumvi nimekutana navyo kila siku. Nimeona mashine nzuri zikitupwa kwa ajili ya bolti moja iliyofungwa kavu. Mwenye mashine hulaumu bahari, na bahari haina kosa.

Basi ninawaomba vijana walioko gereji leo: kila unapofunga kitu kitakachokaa majini, paka grisi, weka gasketi iliyotakiwa na si zaidi, kagua zinki, na mwambie mwenye boti asuuze mashine kwa maji yasiyo na chumvi kila anaporudi. Kuna fundi mwenzako atakayekuja kufungua baada yako. Usimwachie mateso uliyoweza kuyazuia kwa kidole kimoja cha grisi.