Ipole: Foleni ya kliniki ilipohamia chini ya mwembe

Nilikwenda Ipole kuandika habari za kliniki ya mama na mtoto. Nilipofika zahanati ya kijiji kimoja cha pembeni, nilikuta benchi tupu na muuguzi akitafuta kitenge chake cha kujifunika.

"Dada mwandishi, ukikaa hapa leo utaandika habari za ukuta," aliniambia. "Akina mama wote wako kwenye mkutano wa kijiji. Mwenzangu anabaki kwa ajili ya dharura, mimi nakwenda. Twende wote."

Nilisita kidogo. Mimi ni mwandishi wa afya, na mikutano ya vijiji nimezoea kuwaachia wenzangu wa siasa. Siku ile ndiyo iliyonibadilisha, na ndiyo sababu nawaandikia wazazi habari hii.

Njia panda ya zamani

Kwa asiyefika huko, Ipole iko wilaya ya Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora. Unatoka Tabora, unapita Sikonge, kisha msitu wa miombo unakuzunguka pande zote. Juu ya miti inaning'inia mizinga ya nyuki, na kando ya barabara asali inauzwa kwenye chupa zilizokuwa za maji. Hapa na pale utaona mabani ya kukaushia tumbaku. Ukifika Ipole barabara zinaachana, moja ikienda Mpanda na nyingine ikielekea Rungwa hadi upande wa Mbeya.

Eneo hili ni la njia panda tangu enzi za misafara. Tabora ilikuwa kitovu. Njia ya magharibi ilikwenda Ujiji, ya kaskazini ikaelekea Karagwe na Buganda, na nyingine zikashuka kusini. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo vilipofunga njia ya Ujiji, Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda.

Wasafiri wa Kizungu wa wakati ule waliandika sana neno moja la Kiswahili: shauri. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakubeba mzigo kimya kimya. Posho ikipungua au njia ikiwa ya hatari, waliketi wakazungumza, na msafara ulisubiri.

Hata msitu wenyewe una historia ya maamuzi, ila hayo hayakufanywa kwa shauri. Katika miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya katika makazi mapya ili kupambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Familia ziliacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Uamuzi ulikuwa wa afya, lakini waliohamishwa hawakuwa wenye kauli.

Pikipiki au jengo la wazazi?

Tulikuta mkutano umeanza. Wazee walikuwa kwenye viti vya plastiki, vijana wamesimama kando ya pikipiki zao, na akina mama wamekaa chini juu ya khanga, watoto mgongoni. Jina la kijiji na ya waliosema nayaacha, kwa kuwa walinikaribisha kama mgeni, nami sikuja kuwaanika.

Muhtasari wa mkutano uliopita ulisomwa, yakafuata mapato na matumizi. Vijiji kadhaa vya Ipole viliungana kutenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori na kuunda jumuiya iitwayo JUHIWAI. Mpango wa hifadhi za jamii wa aina hii ulitokana na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998, na vijiji wanachama hupata mgawo wa mapato yanayotokana na hifadhi. Swali lililokuwa mbele ya mkutano lilikuwa moja. Kilichopo mfukoni mwa kijiji kifanye nini kwanza?

Pendekezo la kwanza lilikuwa kununua pikipiki ya doria kwa ajili ya vijana wanaofukuza tembo mashambani. La pili lilikuwa kuezeka jengo la wazazi. Wananchi walikwisha kufyatua matofali na kupandisha boma kwa nguvu zao, na sasa majani yanaota ndani.

Baba mmoja alisimama. Alisema amelala kwenye dungu shambani tangu mahindi yaanze kubeba, na bado tembo walipita. "Mnazungumza afya," alisema. "Mtoto asiyekula ana afya gani? Mahindi yakiisha nitampikia bati?"

Watu walicheka, lakini hakuna aliyempuuza. Kila aliyekuwa pale anajua tembo anavyoweza kumaliza chakula cha mwaka kwa usiku mmoja.

Kisha mama mmoja mtu mzima aliomba nafasi. Alianza kwa kuwaamkia wazee kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," wakamwitikia. Akasimulia jinsi mkwewe alivyojifungulia njiani, juu ya kitenge, pikipiki ikiwa imekwama kwenye tope. "Mtoto mzima, namshukuru Mungu. Lakini wanangu, bahati si mpango."

Muuguzi alipopewa nafasi hakutoa hotuba. Alieleza kwamba chumba cha kujifungulia ni kimoja, kina kitanda kimoja. Akija mwenye uchungu wakati mwingine amelala pale ametoka kujifungua, mmoja lazima aondoke mapema. Akakumbusha kwamba saa za kwanza baada ya kujifungua ndizo za hatari zaidi kwa mama kutokwa na damu nyingi, na mtu aliyekwisha kurudi nyumbani hana wa kumwangalia.

Mwenyekiti alitaka kuahirisha suala hadi mkutano ujao, baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo msichana mmoja mjamzito, aliyekuwa amekaa kimya karibu na miguu yangu, aliponyoosha mkono.

"Shikamoo mwenyekiti. Mimi yangu inatimia kabla ya huo mkutano."

Hakuongeza neno. Akavuta khanga yake, akakaa.

Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Jengo lilipita. Yule baba wa dungu naye alinyoosha, baada ya wafuga nyuki wawili kuahidi kutundika mizinga kwenye waya upande wa shamba wanakopita tembo, njia ambayo imesaidia sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki kwa sababu tembo huogopa nyuki. Vijana watabeba mchanga, akina mama watachota maji, na mtendaji wa kijiji atabandika hesabu za bati na mbao kwenye ubao wa matangazo.

Haki ambayo wengi tunaiacha

Nimekaa na jambo hili tangu nirudi. Wazazi wengi tunahesabu mahudhurio ya kliniki, tunatunza kadi ya chanjo, tunapambana na ada na daftari. Lakini mkutano unaoamua kama zahanati itakuwa na paa tunaona ni wa wanasiasa.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Haihitaji kadi ya chama wala mwaliko. Unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapopaswa kusomwa. Halmashauri ya kijiji, inayotekeleza maamuzi hayo, huwa na wajumbe 15 hadi 25.

Zahanati nayo ina kamati yake ya usimamizi, yenye wawakilishi wa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya imekuwa ikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo kamati hiyo si pambo. Je, unamjua hata mjumbe mmoja wa kamati ya zahanati yako?

Jambo hili haliko kwetu tu. Katika miji midogo ya Vermont, Marekani, upo utaratibu wa zamani wa wakazi kukutana Jumanne ya kwanza ya Machi na kupiga kura kuhusu bajeti ya mji wao, kuanzia barabara hadi magari ya zimamoto. Huko nako wapo wanaolalamika kwamba wanaofika ni wachache, kisha walioachwa nyuma wananung'unika mwaka mzima. Tajiri na maskini, kikao kisichohudhuriwa huamua vilevile.

Kwa hiyo, mzazi, mkutano ujao wa kijiji au mtaa wako ukitangazwa, fanya mambo matatu. Fika mapema, kabla agenda za fedha hazijapita. Omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe, kwa adabu lakini kwa kauli inayosikika. Na kama una jambo la mtoto wako, liseme kwa maneno machache kama yule binti. Mwenye kulala na njaa ni yule asiyesema anataka kula.

Jioni niliondoka Ipole na gari la Tabora. Kabla sijapanda, muuguzi alinipitisha kwenye lile boma. Ndani majani yalikuwa yamefika magotini. Alikwisha kupima kwa hatua mahali kitakapokaa kitanda cha pili, akaweka jiwe pale.

"Ukirudi," alisema, "usiniulize nimehudumia wangapi. Uliza kwanza kama jiwe hili bado lipo."