Komeo si Mlezi

Milango ya kale ya visiwani imetuachia msamiati mpana wa kufunga: komeo, kia, kitasa, tumbuu. Vyote vilibuniwa kumzuia wa nje asiingie. Swali linalonikereketa ni la upande wa pili: ni nani mwenye haki ya kumkomea wa ndani asitoke?

Mjomba wangu anaishi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili. Mwenzake mmoja alitoka alfajiri, asionekane hadi usiku, akakutwa kando ya barabara kuu hana viatu. Ndipo sisi jamaa tukaitwa kutoa rai: je, lango lifungwe mchana kutwa? Aliyetuita hakuwa katili. Wauguzi ni wawili, wakaazi ni ishirini, na gari halimsubiri mtu aliyeduwaa.

Nilikwenda kikaoni na John Clare moyoni, mshairi wa Uingereza ambaye kwa miaka nimekuwa nikijaribu kumtafsiri. Mwaka 1837 aliwekwa katika nyumba ya Dk. Matthew Allen huko High Beach, msitu wa Epping. Allen aliwaruhusu wagonjwa kutembea. Julai 1841 Clare akatoka, asirudi. Alikwenda kwa miguu siku nne, takriban kilomita 130, akala nyasi za njiani. Usiku alilaza kichwa kaskazini ili asubuhi aijue njia ya kwao. Alikuwa akimwendea Mary Joyce, mpenzi wake wa ujana. Mary alikwishafariki mwaka 1838. Clare alipoambiwa, hakusadiki.

Wenye kutaka kufuli watasema: si huyo, angeweza kufa! Ni kweli, wala siibezi hoja hiyo. Lakini akili iliyokataa mauti ya Mary haikupoteza kaskazini. Clare alikuwa na pa kwenda. Aendaye ovyo na aendaye kwao hawatibiki kwa komeo moja.

Desemba mwaka huohuo alipelekwa Northampton, akakaa hospitalini hadi kufa kwake mwaka 1864. Huko nako aliruhusiwa kwenda mjini, na watu wakamzoea ameketi barazani mwa kanisa la All Saints. Macho ya waliomjua yalikuwa sehemu ya ulinzi wake.

Hata Franco Basaglia, aliyefungua milango ya hospitali ya Trieste kuanzia mwaka 1971, hakuishia kwenye milango. Mitaani viliwekwa vituo na watumishi wa kuwapokea waliotoka. Mwaka 1978 Italia ikapitisha sheria namba 180, iliyoanza kuzifunga hospitali za namna ile. Maana mlango wazi pasipo mtu wa kufuatana naye si uhuru, ni kutelekezwa.

Basi nilisema: usiku lango lifungwe, mchana akae mtu. Jamaa tugawane zamu za matembezi. Wenye maduka ya jirani, kwa ridhaa ya wakaazi, wawajue kwa majina. Na kila mkaazi aulizwe swali ambalo hatukuwa tumeuliza: ukitoka, unakwenda wapi? Mjomba alijibu papo hapo: kutazama ngalawa zikirudi.

Tumepewa miezi mitatu ya majaribio. Akipotea mmoja, komeo litarudi, na hoja zangu zote hazitalizuia. Kwa hiyo Jumatano, siku ya zamu yangu, sina safari nyingine ila aendako mjomba.