Kutoka Kusemeshwa hadi Kusemwa: Kisa cha Neno Otaku

Neno otaku, katika asili yake ya Kijapani, halina tusi ndani yake. Maana yake ni "nyumba yako", na kwa kuwa adabu ya lugha hiyo hukwepa kumtaja msemeshwa waziwazi, nyumba ikasimama badala ya mwenye nyumba. Hivyo likawa kiwakilishi cha nafsi ya pili chenye heshima, japo ni heshima ya mbali: ni neno la majirani wanaosalimiana mlangoni pasipo kukaribishana ndani. Kufikia mwanzo wa miaka ya themanini, vijana wa Japani waliozipenda hadithi za picha zinazoitwa manga, pamoja na filamu za katuni ziitwazo anime, walikuwa wakiitana kwa neno hilo. Katika Macross, mfululizo wa televisheni wa mwaka 1982, husikika vinywani mwa wahusika vijana. Yamkini mtu mwenye haya huona wepesi kumsemesha mwenzake kwa neno lisilomkaribia mno.

Mnamo 1983 mwandishi Nakamori Akio alianzisha katika jarida la Manga Burikko safu iliyojipa jina la kitaalamu: "Utafiti wa Otaku". Alikuwa amehudhuria Comiket, soko la Tokyo ambako wapenzi wa manga huuziana vijitabu wanavyovitunga na kuvichapisha wenyewe, na aliyowaona huko akawachora kwa dharau: nywele zisizotunzwa, miwani, miili iliyokonda au kunenepa kupita kiasi, vijana ambao shuleni hawakuchaguliwa katika mchezo wowote. Akawapa jina, na jina lenyewe ni lile walilokuwa wakiitania. Nakamori hakuwa mgeni katika ulimwengu huo. Jarida aliloandikia lilisomwa na hao hao aliowacheka. Nyani haoni kundule. Mhariri wa jarida, Otsuka Eiji, hakuivumilia safu hiyo kwa muda mrefu, akaikatiza. Lakini jina lilikuwa limekwisha kutoka.

Kilichotendeka hapo ni jambo la kisarufi kabla ya kuwa la kijamii, na pengine ndiyo sababu wanasosholojia hulipita haraka. Kiwakilishi cha nafsi ya pili kiligeuzwa kuwa nomino ya nafsi ya tatu. Kabla ya 1983 otaku alikuwa mtu anayesemeshwa. Baada ya hapo akawa mtu anayesemwa. Hata hati ilibadilika: neno lililozoeleka kuandikwa kwa herufi ya Kichina yenye maana ya nyumba sasa liliandikwa kwa herufi za sauti tupu, nyumba ikatoweka machoni. Mhakiki wa fasihi atalitambua zao la kazi hiyo mara moja, kwani ni yule yule mhusika bapa anayefundishwa katika kila darasa la uhakiki: ana sifa moja, habadiliki, na msomaji humjua kabla hajafungua kinywa. Tofauti ni kwamba bapa wa riwaya hana mwili wa kuumia.

Hatari ya ubapa huo ilidhihirika mwaka 1989. Miyazaki Tsutomu alikamatwa, na ikabainika kuwa ndiye aliyewaua wasichana wadogo wanne tangu mwaka uliotangulia. Waandishi wa habari waliingia chumbani mwake wakapiga picha ya kanda za video 5,763 zilizopangwa hadi kuziba madirisha. Picha hiyo ndiyo iliyohukumu. Muuaji alikuwa mmoja. Chumba kikafanywa cha maelfu. Kijana yeyote mwenye rafu ya kanda akawa na la kujieleza mbele ya wazazi na majirani, na neno lililokuwa la kejeli likawa la kuogofya. Mwaka huo huo Otsuka na Nakamori, mhariri na mwandishi aliyekatizwa, walitoa pamoja kitabu juu ya kizazi hicho. Miyazaki alinyongwa mwaka 2008.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kusafiri mbali ili kuielewa mantiki hii. Mjadala wa "Mswahili ni nani?" umewachosha wataalamu kwa miaka mingi, na wakati huohuo mitaani "Mswahili" limeendelea kuwa jina la mjanja, mwenye maneno mengi na ahadi chache. Wapo wenye jina wanaolikana na wasio nalo wanaolidai.

Majibu ya walioitwa otaku hayakuwa ya namna moja. Mwaka 1991 kampuni ya Gainax ilitoa filamu ya Otaku no Video, ambamo katikati ya katuni mna mahojiano yanayojifanya ya kweli: wahojiwa wamefichwa nyuso kwa miraba ya ukungu na sauti zao zimegeuzwa, kana kwamba ni wahalifu au mashahidi walio hatarini, ilhali wanachokiri ni kupenda tu. Kejeli hii ina makali kuliko utetezi wowote. Okada Toshio, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, alishika njia nyingine. Alifundisha Chuo Kikuu cha Tokyo na mwaka 1996 akachapisha kitabu cha utangulizi wa "taaluma ya otaku", akidai kwamba hao ni watu wenye jicho pevu, warithi wa wajuzi wa sanaa wa enzi za Edo. Hoja yake inavutia, lakini mhusika bapa aliyevikwa joho bado ni bapa. Okada mwenyewe alitoa kitabu kingine mwaka 2008 akitangaza kwamba otaku wamekwisha kufa. Huko Marekani nako neno lilipokewa kama nishani: kongamano la Otakon, lililoanza Pennsylvania mwaka 1994, lilijiita hivyo kwa fahari. Dharau ikabidi itafute chombo kingine, ikakipata katika "weeaboo", neno lililotungwa na mchoraji wa vibonzo bila maana yoyote, kisha likajazwa dhihaka kwa Mmarekani anayejitia Ujapani.

Lakini lililo zito zaidi ni lile ambalo picha hizi zote, ya dharau na ya sifa, hazikuliona. Comiket ya kwanza, Desemba 1975, ilikuwa na vikundi 32 na wahudhuriaji wapatao 700, na wengi wao walikuwa wasichana, wasomaji wa manga za kike. Walikuwa wakitunga, wakichapisha na kuuziana miaka minane kabla ya Nakamori kumchora mvulana wake mpweke mwenye miwani. Hawakuingia katika taswira kwa sababu hawakufanana nayo. Baadaye baadhi ya wanawake wa uwanja huo, wanaopenda hadithi za mahaba baina ya wanaume, walijitungia jina wenyewe, fujoshi: walilichukua neno la heshima la "wanawake" wakabadilisha herufi moja kwa nyingine inayotamkwa vilevile lakini yenye maana ya kuoza. Anayelisikia tu hawezi kujua ni lipi kati ya mawili limesemwa. Ulikuwa utani wa wao kwa wao, mpaka waandishi wa magazeti walipoujia na kalamu zao, wakaanza kueleza fujoshi huvaa nini na huonekana wapi.